Samadi ya ng'ombe: Uchafu uani au nishati jikoni?

Ndugu msomaji, kwa familia nyingi za Wingwi, Wilaya ya Micheweni, kuni ndiyo nishati ya jikoni. Umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini aghalabu huwasha taa tu. Chungu kimebaki juu ya mafiga.

Moshi wa kuni si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto chini ya miaka 5. Huleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima maradhi ya mapafu, moyo na kiharusi. Anayeuvuta zaidi ni mama, na mtoto aliyembeba mgongoni.

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba kuna samadi inayokusanya nzi, na mvua ikinyesha huteremkia visimani. Madhara haya mawili yana dawa moja: biogesi.

Samadi huchanganywa na maji, kilo moja kwa lita moja, ikaingizwa katika shimo lililojengwa kwa saruji na kufunikwa lisipite hewa. Humo vijidudu huiozesha na kutoa gesi, ambayo hupita kwenye bomba hadi jikoni na kuwaka bila moshi. Kilo 25 kwa siku hutosha kupikia kwa saa mbili hadi tatu. Makapi yanayotoka ni mbolea nzuri ya migomba na mihogo.

Masharti yapo. Ng'ombe anayefungwa malishoni mchana kutwa huacha samadi hukohuko. Wanahitajika ng'ombe wawili au zaidi wanaolishwa bandani, na maji ya karibu. Ardhi ya Micheweni ina mawe mengi, hivyo kuchimba ni kazi, na saruji ni ghali. Majirani wanaweza kushirikiana. Asiyeweza, basi atumie kuni kavu, jiko banifu na jiko lenye madirisha.

Kuhusu twahara, katika madhehebu ya Imamu Shafii kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Anayekoroga samadi awe na nguo maalumu, aoshe mikono kwa sabuni, na ajitwaharishe kabla ya Swala. Chakula chenyewe hakigusani na samadi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Mbolea hiyo isimwagwe karibu na kisima wala kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti. Funga bomba, fungua madirisha.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Baba anayetafuta fedha za kuezeka upya banda la ng'ombe, alifikirie na pafu la mkewe.

Wabillahi tawfiq.