Andalio la Somo: Haja ya Kuanzia Mwishoni

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kuliboresha andalio lake la somo kwa kufuata kielelezo maalumu cha kupanga ufundishaji. Kwa kuwa andalio ni kazi ya kila siku, aghalabu huandikwa kwa mazoea. Mwalimu hufungua kitabu cha kiada, akanakili mada, akataja vifaa, kisha akagawanya dakika 40 za kipindi katika utangulizi, ukuzaji wa somo na hitimisho. Andalio la namna hiyo hueleza atakayoyatenda mwalimu. Halisemi mwanafunzi atatoka darasani na nini.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1949, Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa kitabu ambamo swali la kwanza katika kupanga mtaala ni shabaha yake. Grant Wiggins na Jay McTighe, pia wa Marekani, walitoa mwaka 1998 kielelezo chenye hatua tatu. Kwanza, mwalimu huamua matokeo anayoyataka. Pili, huamua ushahidi utakaothibitisha kwamba yamepatikana. Tatu, na hapo tu, huchagua shughuli za kufundishia.

Tuchukue mfano wa ngeli ya KI-VI. Mwanafunzi huweza kukariri jedwali lote la ngeli na kujaza mapengo bila kosa, kisha akatoka nje akamwambia mwenzake, "Kitabu yangu imepotea." Je, somo limefaulu? Kwa mujibu wa andalio la mazoea, limefaulu, maana jedwali limefundishwa na zoezi limesahihishwa. Kwa mujibu wa kielelezo hiki, bado.

Mwalimu anayeanzia mwishoni ataandika shabaha yake hivi: mwanafunzi aweze kuzungumzia vitu vyake akizingatia upatanisho wa kisarufi. Ushahidi utakuwa mazungumzo mafupi, pasipo kusoma popote: "Kikapu changu kimepotea, ni kile kilichotoboka chini." Ushahidi huo ukishawekwa, shughuli zenyewe hubadilika. Jedwali litabaki, lakini litachukua dakika chache tu. Sehemu kubwa ya kipindi itakuwa ya wanafunzi kuulizana na kujibizana wawili wawili, naye mwalimu akipita akisikiliza.

Yawezekana msomaji akapinga kwamba madarasa yetu yamejaa na muda hautoshi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kielelezo hiki hakidai fomu mpya wala vifaa vya gharama. Kinachobadilika ni mpangilio wa maswali anayojiuliza mwalimu. Asipoweza kuwasikiliza wote, na asikilize safu moja leo na nyingine kesho.

Tahadhari moja yafaa kutajwa. Katika fasihi, mwanafunzi huweza kuona katika shairi jambo ambalo mwalimu hakulitazamia. Shabaha isiandikwe kwa ufinyu wa kumnyima mwanafunzi huyo nafasi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini Kenya mwaka 2019, unasisitiza yale ayawezayo mwanafunzi. Sisitizo hilo halitakuwa na maana iwapo maandalio yetu yataendelea kuhesabu yale tu yaliyosemwa na mwalimu. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba, kabla ya kuandika mada, mwalimu ajiulize: kengele ikilia, nitajuaje kwamba wamejifunza?