Jina Lisilohama: Anwani Thabiti katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Wanaisimu hutenganisha jina na kirejelewa chake. Utengano huo umo pia ndani ya kompyuta: programu hutaja anwani dhahania, nayo prosesa huitafsiri kuwa mahali halisi katika kumbukumbu kwa kufuata majedwali maalumu.

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux hutenga baadhi ya anwani hizo tangu kinapoundwa. Mahali halisi zinapoelekea huamuliwa baadaye, mashine inapowashwa. Jina hudumu, ilhali kirejelewa chaweza kubadilika. Kwa njia hiyo kiini huvifikia vifaa mapema, kabla utaratibu wa kawaida wa kugawa kumbukumbu haujawa tayari.

Hata hivyo, uthabiti una gharama. Katika prosesa za x86 za biti 64, ukurasa uitwao vsyscall uliwekwa kwenye anwani ileile kwa kila programu. Mshambulizi naye akajua pa kulenga. Mwaka 2011 Linux ilianzishiwa uigaji wa ukurasa huo, na programu mpya hutumia mbadala wake, vDSO, ambao mahali pake hubadilishwa kibahati. Anwani ya kale haikufutwa, kwa kuwa programu kongwe zingali zikiitaja. Jina likishazoeleka, kulifuta ni kuwavunjia ahadi walitumiao.