Sahani za saladi: Pima kauri kabla ya maua

Wafanyabiashara wanaouzia vyombo hoteli na kumbi za harusi wanaifahamu sahani ndogo ya saladi, yenye upana wa sentimita 20 hadi 22 hivi, inayotangulia mezani kabla ya chakula kikuu. Ikiwa ni ya kauri ya mifupa yenye maua au ukingo wa dhahabu, bei yake hupanda. Mwenye mtaji mdogo yampasa ajue analipia nini.

Kauri hiyo, inayouzwa kwa jina la "bone china", ilikamilishwa na kiwanda cha Spode, Stoke-on-Trent, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. Mchanganyiko wake wa asili ni takriban nusu majivu ya mifupa ya ng'ombe, robo kaolini na robo jiwe la Cornwall. Majivu hayo huipa sahani weupe wa maziwa na uwezo wa kupitisha mwanga, na huiwezesha kuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Huchomwa kwanza kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200, kisha tena baada ya kupakwa tabaka la kioo. Dhahabu nayo huhitaji kuchomwa peke yake. Kila uchomaji hula nishati na huweza kuharibu baadhi ya sahani. Gharama hiyo humfikia mnunuzi.

Jina kubwa pekee si dhamana. "Blue Italian" ya Spode, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1816, si kauri ya mifupa bali ni chombo cha udongo uliopakwa kioo. Hivyo pindua sahani usome muhuri, kisha iinue kwenye taa: kivuli cha vidole kionekane upande wa pili. Hata hivyo, kauri nyingine nyembamba nazo hupitisha mwanga, kwa hiyo dai maelezo ya mchanganyiko kwa maandishi. Yaeleze pia mifupa ni ya mnyama gani, kwani mteja Mwislamu ana haki ya kuuliza, na muuzaji asiye na jibu hupoteza oda.

Hatari kubwa zaidi imo katika pambo lenyewe. Tuseme umenunua sahani 100 kwa Sh 1,000,000, na 8 zikavunjika njiani. Zilizobaki 92 zimekugharimu takriban Sh 10,870 kila moja, si Sh 10,000. Hoteli nayo itavunja zake, na itarudi kwako kutafuta zinazofanana. Kama kiwanda kimeacha pambo hilo, seti nzima hupungua thamani. Kinyume chake, "Old Country Roses" ya Royal Albert imeuzwa tangu 1962, na mwenye seti ya zamani bado anaweza kujaziliza.

Jambo la mwisho ni matumizi. Ukingo wa dhahabu haufai kuingia kwenye maikrowevu, na huchakaa haraka katika mashine ya kuoshea vyombo. Kwa hoteli inayoosha vyombo mchana kutwa, pambo lililo chini ya tabaka la kioo ndilo salama. Dhahabu ibaki kwa nyumba na hafla.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mtaji katika shehena, muulize muuzaji swali moja: pambo hili litapatikana miaka mitano ijayo? Akisita, agiza kidogo.