Ile namba umeitoa wapi?



Katika utangulizi wa TFC yangu niliandika kwamba vita vya Congo vimeua watu milioni 6. Siku ya kuitetea, mmoja wa juri akaniuliza: «Hii namba umeitoa wapi?» Nikajibu: «Kwenye intaneti, prof.» Oditwari nzima ikacheka. Akaongeza: «Na nani aliwahesabu?» Pale nilibaki bubu. Nilikuwa nimekopi kwenye TFC ya mkubwa wangu mmoja, naye alikuwa amekopi kwa mwingine.

Leo niko asistanti, na ile namba njo somo langu la kwanza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunaifuata kama mtu anayefuata mto mpaka kwenye chemchemi.

Ulizo la kwanza: nani alisema wa kwanza? Kwenye simu zao wanapata milioni 5, 6, 10, hata 12, na karibu zote hazina chanzo. Tukiendelea kupanda, tunafika kwenye ripoti ya shirika International Rescue Committee, ya Januari 2008. Yenyewe inasema milioni 5,4, kutoka Agosti 1998 mpaka Aprili 2007.

Ulizo la pili: walihesabu nini, na kwa njia gani? Hawakuhesabu makaburi. Walichagua nyumba, wakauliza nani amekufa pale, kisha wakalinganisha na vifo vya kawaida vya Afrika kusini ya Sahara. Tofauti njo vifo vya ziada. Na wengi kati ya hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, kichomi na utapiamlo. Kwa hiyo neno langu «vimeua» lilikuwa tayari na shida, hata kabla ya kufika kwenye namba.

Ulizo la tatu: nani anapinga, na kwa nini? Mwaka 2010, watafiti wa Human Security Report Project, kule Canada, walisema kile kipimo cha «kawaida» kiliwekwa chini sana, ndiyo maana tofauti ikatoka kubwa. Kukata hayo mabishano ni vigumu, sababu sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Bila sensa, kila mtu anakadiria.

Ulizo la nne: sasa niandike nini? Andika hivi: «Kulingana na IRC (2008), vifo vya ziada milioni 5,4 kati ya 1998 na 2007; hesabu hii imepingwa.» Ni mstari mmoja tu, lakini hakuna juri itakuangusha pale.

Kwa kazi yenyewe: weka kichwa cha ripoti ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Ukipata wifi, pakua PDF yote, usome nyumbani bila kumaliza mega. Anza na ukurasa wa mbinu, usikimbilie hitimisho. Na ChatGPT ikikupa kitabu, kitafute kwanza: wakati mwingine inatunga vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Kuna wanaoniambia: «Asistanti, unapunguza wafu wetu.» Hapana. Nyanya yangu alikufa kwa malaria 1999, tulipokuwa tumekimbilia porini. Hakuna risasi iliyomgusa. Mtu akiandika «waliuawa milioni 6», nyanya yangu hayumo. Kwenye ile hesabu ya vifo vya ziada, yumo. Na tukitupa namba ovyo ovyo, yule anayetaka kukana mateso yetu atashika kosa moja, aseme yote ni uongo.

Leo jioni fungua TFC yako, chagua namba moja tu, uifuate mpaka mwanzo wake. Kisha utuambie hapa chini ulifika wapi.