Kokoto zilipoondoka, kitongoji nacho kikaondoka

Ukifika Hallsands leo, kwenye pwani ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, utakuta kuta chache zilizobaki juu ya mwamba, na bahari inapiga chini yake. Mwaka 1891 kitongoji hiki cha wavuvi kilikuwa na nyumba 37 na watu 159. Sasa, kilienda wapi?

Utaambiwa ni dhoruba. Sawa, lakini dhoruba zilikuwepo siku zote na nyumba zilisimama. Kilichobadilika ni ufuo.

Mbele ya nyumba hizo palikuwa na ufuo mpana wa kokoto, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngao yao. Wimbi likipanda juu ya kokoto, maji mengine yanazama katikati ya mawe na msuguano unakula nguvu yake, kwa hiyo linafika juu likiwa limechoka. Ukiushusha ufuo, maji mbele ya nyumba yanakuwa na kina zaidi, na wimbi linakuja kuvunjikia ukutani likiwa na nguvu zake zote.

Mwaka 1897 kokoto hizo zilianza kuchimbwa kwa ajili ya kupanua bandari ya jeshi la majini huko Plymouth. Zilichukuliwa tani kama 650,000. Wavuvi walipinga, lakini waliotetea uchimbaji walisema bahari itazirudisha. Ukisikia hivyo unaweza kukubali, maana mchanga tunauona ukiondoka na kurudi, si ndiyo?

Tatizo ni kwamba kokoto za pale zilikuwa za kale. Enzi ya barafu ilipoisha, barafu iliyeyuka na usawa wa bahari ukapanda zaidi ya mita 100. Bahari ilipokuwa inapanda, ilisukuma kokoto zilizokuwa chini yake mpaka pwani. Kazi hiyo iliisha maelfu ya miaka iliyopita. Kwa lugha rahisi, ule ufuo ulikuwa urithi, si mshahara. Ukiutumia, mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia.

Leseni ilifutwa mwaka 1902, ufuo ukiwa umeshashuka sana. Usiku wa tarehe 26 Januari 1917 dhoruba ilikutana na maji kujaa. Hakuna aliyekufa, lakini kufikia mwisho wa mwaka huo ni nyumba moja tu iliyofaa kukaliwa. Elizabeth Prettejohn aliendelea kuishi humo mpaka alipofariki mwaka 1964.

Kwa hiyo siku ukiona lori linapakia mchanga ufukweni na mtu anakwambia "bahari italeta mwingine", usibishane naye kwanza. Muulize: huu mchanga ulitoka wapi, na huko ulikotoka, bado unakuja?