NAKALA MOJA SI AKIBA

Jumapili tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali zao. Na kila aliyeliacha daftari la madeni kibandani alilipoteza pia. Bidhaa zaweza kununuliwa tena. Lakini mdaiwa asiyeandikwa popote, nani atamdai?

Siku hizi daftari limehamia katika simu na kompyuta, ila uzembe wetu ni ule ule. Mimi nami ni shahidi. Nyumbani kwangu Gitega nilihifadhi katika kompyuta picha za vyeti vya watoto, hati ya kiwanja cha marehemu baba, na sauti yake akituusia juu ya mipaka ya shamba. Nilikuwa na nakala katika flashi, nikajiona mwerevu. Kumbe flashi niliiweka katika mkoba wa kompyuta hiyo hiyo! Mwizi alipouchukua mkoba, alichukua vyote. Vyeti na hati tulivipata kwa dada yangu aliyeko Muyinga, ambaye baba alimwachia nakala za karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Sauti ya baba imepotea milele.

Kwa nini twazembea? Kwanza, chombo kinachofanya kazi leo hutudanganya kwamba hata kesho kitafanya. Pili, katika duka na ofisi hakuna aliyekabidhiwa kazi hiyo, na kazi ya wote huwa si ya yeyote. Tatu, bei ya flashi twaiona leo, lakini bei ya hasara hatuioni mpaka itufike.

Basi yafaa kila kumbukumbu muhimu iwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na nyumba. Ateuliwe mtu mmoja na siku moja ya juma. Nakala ifunguliwe ili kuhakikisha inasomeka, nayo ilindwe kwa neno la siri. Lakini nyaraka za kikosi zisiletwe nyumbani. Hizo zina taratibu zake.

Ndugu askari, lindo huwekwa kabla adui hajafika. Kabla hujasafiri kwenda kazini mbali, mwachie mkeo bahasha moja, na ya pili umpelekee ndugu aliye mji mwingine.