Umeingia mitini? Waachie watu jibu la maana!

Kama wewe ni mtoto wa mjini unayechapa kazi ofisini, au una kibiashara chako cha keki, cha picha za harusi au cha kuchapa fulana, basi imeli ndiyo mlango wako. Watu wanapiga hodi humo saa yoyote, hata usiku wa manane. Sasa nikuulize: siku ukifunga virago na kuelekea kwenu Tanga, Moshi au Kyela, hodi hizo anaitikia nani?

Wengi tunaiachia mashine. Si vibaya hata kidogo. Programu zote kubwa za barua pepe zina kitu cha kujibu chenyewe mtu akikuandikia wakati haupo. Ila ujue kwamba jibu lile linatoka kwa jina lako, linamfikia mtu ambaye huenda humjui kabisa, na wewe haupo pale kusahihisha. Ukiropoka mara moja, mashine itaropoka mara mia.

Nina kisa. Binamu yangu mmoja ni fundi wa kuchapa fulana. Mwezi wa nne aliiandikia ofisi moja hapa mjini akiomba kazi ya fulana 200 za bonanza la wafanyakazi. Dakika haijapita, jibu hilo! Mhusika yuko likizo, atarudi Januari 3, asante kwa uvumilivu wako. Januari ipi jamani? Iliyopita au ijayo? Binamu akajisemea labda wamekosea tarehe tu, bwana huyu bado hajarudi. Akatulia.

Baada ya wiki mbili akaamua kwenda mwenyewe. Alimkuta bwana yule mezani, mzima wa afya, chai mkononi. Imeli alikuwa ameiona siku ileile, ila kazi akampa mwingine kwa kuwa binamu "hakufuatilia". Kumbe lile jibu la likizo lilikuwa halijazimwa tangu Krismasi! Ndani ya ofisi hakuna aliyejua, maana anayeliona ni yule aliyeko nje. Fulana 200 si mchezo kwa kijana anayelipia mashine ya mkopo.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kabla hata hujafikiria maneno ya kuandika, ni tarehe ya mwisho. Kwenye Gmail, kama unatumia kompyuta, bonyeza kile kigurudumu chenye meno upande wa juu kulia, fungua mipangilio yote, kisha shuka mpaka karibu na mwisho wa ukurasa wa kwanza. Utakuta palipoandikwa Vacation responder. Washa, weka siku ya kwanza, halafu weka tiki kwenye siku ya mwisho. Tiki hiyo ndiyo watu wanayoiruka. Usipoiweka, jibu linaendelea mpaka utakapolizima kwa mkono wako. Ukimaliza, shuka mpaka chini kabisa uhifadhi, vinginevyo umefanya kazi bure. Kwenye simu ni hivyohivyo: ile mistari mitatu, mipangilio, akaunti yako, utaliona.

Gmail haimjibu mtu yuleyule kila anapoandika. Anapata jibu mara ya kwanza, na akiandika tena baada ya siku 4 analipata tena. Barua taka na zile zinazokuja kupitia orodha ya watu wengi haizijibu. Lakini ukienda kubadilisha maneno katikati ya likizo, hesabu inaanza upya, na wale waliokwishajibiwa wakiandika watajibiwa tena. Kwa hiyo andika vizuri mara moja, acha kuchezea chezea.

Utauliza, kwa nini mashine zihesabu siku? Sababu ni ya zamani. Miaka ya 1980 huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Mmarekani aitwaye Eric Allman aliandika kiprogramu kilichoitwa vacation, yaani likizo, kwa ajili ya kompyuta za Unix. Kazi yake ilikuwa ndiyo hii hii: kumwambia anayekuandikia kwamba umetoka. Kiliweka kumbukumbu ya kila aliyejibiwa, na kwa kawaida hakikumjibu tena mpaka wiki ipite. Hebu fikiria mngekuwa wawili mko likizo, kila mmoja na mashine inayojibu kila kitu. Yako inaiambia yake haupo, yake inaiambia yako hayupo, yako inajibu tena... Mkirudi mnakuta maelfu ya barua, na hakuna binadamu aliyeandika hata moja! Mwaka 2004 wataalamu wa intaneti wakatoa mapendekezo yanayojulikana kama RFC 3834, kwamba barua inayojituma yenyewe ivae alama ya siri ya kuitambulisha, ili mashine nyingine ikiiona ikae kimya.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sana sisi wa huku: umeme. Jibu lako linakaa wapi? Kama ni Gmail, linakaa kwenye kompyuta za Google huko mbali. Zima simu, toa chaji, hata umeme ukatike mtaa mzima, litajibu. Outlook ya ofisi yenye seva yake ya Exchange nayo iko hivyo. Lakini ziko ofisi nyingi ndogo zinazotumia Outlook kwa akaunti za kawaida zisizo na seva ya namna hiyo. Hapo unatengeneza kanuni ya kujibu kwa barua uliyoiandaa, na kanuni hiyo inafanya kazi pale tu kompyuta inapokuwa imewaka na Outlook iko wazi. Thunderbird ukiitengenezea kichujio cha kujibu ni vilevile. Luku ikiisha Jumamosi, na jibu limeisha. Kama wewe ni wa kundi hili, nenda kwenye tovuti ya kampuni inayokuuzia anwani yako ya imeli, ingia kwenye akaunti, angalia kama jibu linaweza kuwekwa huko huko. Mara nyingi linawezekana.

Haya, maneno yenyewe. Hapa ndipo watu wanapochekesha. Utasoma Kiingereza cha kunukuu, eti mhusika yuko nje ya ofisi na atakuwa na uwezo mdogo wa kufikia barua zake. Bwana huyo huyo saa ileile yuko Instagram anaonyesha samaki wa kukaanga ufukweni! Na aliyemwandikia ni mama wa Mbagala anayeulizia malipo ya vitumbua vya mkutano, ambaye aliandika kwa Kiswahili safi kabisa. Kwa nini ajibiwe kwa lugha asiyoitumia?

Usidhani ni jambo dogo. Mwaka 2008 huko Swansea, Wales, halmashauri ilitaka kibao cha barabarani cha kuzuia malori makubwa, na sheria za huko zinataka vibao viwe vya Kiingereza na Kiwelisi. Wakatuma maneno kwa mtafsiri kwa imeli. Jibu likarudi fasta, kwa Kiwelisi. Wakafurahi, wakalichapa, kibao kikasimikwa. Kumbe Kiwelisi kile kilikuwa kinasema: sipo ofisini kwa sasa, nitumieni kazi yoyote ya kutafsiri! Walioipokea hawakujua lugha, na jibu halikuwa na neno hata moja la Kiingereza la kuwashtua. Picha za kibao hicho zilizunguka dunia nzima. Mimi nikisoma kisa hicho simcheki mtafsiri wala halmashauri. Nafikiria tu majibu ya likizo ya Kiingereza kitupu yanayomiminika kila Desemba kutoka Posta na Masaki kwenda kwa watu wanaoandika Kiswahili. Mistari miwili ya lugha ya pili inagharimu nini?

Upande wa pili wapo wanaosema mno. "Nipo Zanzibar na familia nzima kuanzia tarehe 20, kwa dharura mpigie bosi wangu fulani namba hii." Lahaula! Nyumba umeitangaza tupu, na namba ya bosi umeigawa. Jibu hilo analipata yeyote aliyekuandikia, hata yule tapeli anayetafuta siku ambayo mhasibu hayupo ili amwandikie msaidizi, "mimi ni bosi, lipa haraka". Outlook ya ofisi imelifikiria hilo, ina jibu moja kwa wenzako wa ndani na lingine kwa watu wa nje. La ndani liwe na maelezo, la nje liwe kavu. Gmail nayo inaweza kujibu wale tu walioko kwenye orodha yako ya mawasiliano, ingawa mfanyabiashara asiitumie hiyo, maana mteja mpya hayumo humo.

Tukiacha likizo, kuna ndugu yake huyu: ujumbe unaojirudia. Kila mwezi unamkumbusha mpangaji kodi, kila tarehe 15 unamkumbusha mhasibu kwamba ritani ya VAT mwisho ni tarehe 20. Vijana wengi wananiuliza namna ya kuufanya ujitume wenyewe. Gmail tangu mwaka 2019 inakuruhusu kupanga barua iondoke siku na saa unayotaka, na unaweza kuziweka foleni mpaka 100, lakini haina kitufe cha kuirudia kila mwezi. Thunderbird ukiiongezea kiprogramu kiitwacho Send Later inarudia, mradi kompyuta iwe imewaka. Watu wa Microsoft wana Power Automate. Njia zipo.

Lakini kabla hujakimbilia huko, nisikilize. Mjomba wangu alifariki mwaka 2019. Alikuwa mteja wa miaka mingi wa ofisi moja, siitaji. Ilipofika tarehe yake ya kuzaliwa, imeli ikaingia kwenye simu yake, ambayo mkewe ndiye anaitunza: heri ya kuzaliwa mteja wetu mpendwa, tunakutakia miaka mingi yenye afya. Mama wa watu alilia siku nzima. Mwaka uliofuata ikaja tena. Akapiga simu, akaambiwa kwa upole kabisa, "Mama, ni mfumo ndio unatuma." Mwaka wa tatu ilipokuja akaamua kuijibu, akaandika kwamba mume wake ni marehemu, anaomba waache. Sekunde chache tu akajibiwa: asante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako ni muhimu kwetu, utajibiwa ndani ya saa 24.

Hadi leo hajajibiwa.

Ndiyo maana mimi ujumbe wa kwenda kwa mtu siuachi ujirudie wenyewe. Ninachorudia ni kengele yangu. Kwenye kalenda ya simu nimeweka kila tarehe 25, "kumbusha wateja". Kwenye Gmail nimewasha violezo, nikahifadhi barua moja fupi ya ukumbusho. Kengele ikilia nafungua orodha, natazama nani kalipa, nani yuko msibani, nani kaniambia nimvumilie, ndipo natuma. Dakika 10 hazifiki. Ujumbe unaojirudia bila jicho la mtu niuachie mimi mwenyewe: VAT, leseni, bima ya pikipiki. Hao hawaudhiki.

Wenye maduka ya WhatsApp msijifanye haiwahusu. WhatsApp Business inayo pia, ujumbe wa kumkaribisha mteja na ujumbe wa wakati haupo, na unaweza kuiambia ijibu nje ya saa za kazi tu. Ila simu yako iwe na bando, la sivyo kimya.

Ukishaweka jibu lako, lijaribu. Chukua anwani nyingine, ya mdogo wako au ya jirani, jiandikie, usome kinachorudi kama vile wewe ndiwe mwenye shida. La kwangu la mwezi ujao nimeshaliandaa: "Habari. Sitakuwepo kazini Jumatatu tarehe 4 hadi Ijumaa tarehe 15. Ujumbe wako umefika, nitausoma Jumatatu tarehe 18. Kwa jambo lisiloweza kusubiri, andika kwa anwani ya dawati hapa chini." Chini yake mstari mmoja wa Kiingereza.

Na yule wa dawati nimemwomba kwanza. Kumwandika mwenzio kuwa yeye ndiye wa dharura bila kumwambia, akashtukia barua 40 Jumatatu asubuhi, ni kutafuta ugomvi wa bure. Wangu amekubali, ila anadai machungwa ya Muheza, kapu zima.